Barua ya wazi kwa TFF: Tupeni daftari la mabao ya Taifa Stars

Kwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), Ndugu Wallace Karia, Katibu Mkuu, na wajumbe wa Kamati ya Utendaji.

Nakala: Baraza la Michezo la Taifa (BMT).

YAH: ORODHA RASMI YA WAFUNGAJI WA TIMU YA TAIFA

Waheshimiwa, salaam.

Mbwana Samatta ameifungia Taifa Stars mabao mangapi? Muulizeni mchambuzi wa redio, muulizeni kijana wa kijiweni mwenye simu mkononi, muulizeni hata mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la ufundi. Mtapewa namba zisizofanana, na kila mmoja ataapa kwamba yake ndiyo sahihi. Mkiwabana waonyeshe walikoitoa, watawapeleka kwenye kurasa za mtandaoni zinazoandikwa na watu wa nje, ambao pengine hawajawahi kukanyaga uwanja wetu wa Kwa Mkapa. Hakuna atakayejibu, "Nimeitoa TFF."

Ombi langu ni moja, nalisema mapema msije mkalitafuta mwisho wa barua. Shirikisho liandae na kuchapisha daftari rasmi la mabao ya timu ya taifa, bao kwa bao, tangu enzi za Tanganyika hadi mechi ya juzi: mfungaji, tarehe, uwanja, mpinzani, mashindano, dakika, na kama lilikuwa la penalti au la mchezo wa kawaida. Na lifanyike wakati Samatta na Simon Msuva hawajatundika daluga. Wakishastaafu, kila mtu atabaki na hesabu yake na hakutakuwa na haraka tena ya kuzilinganisha.

Nianze na ubishi tunaoujua wote. Kwenye orodha nyingi zinazozunguka, Mrisho Ngasa anatajwa kuwa na mabao 25 katika mechi 100, na kwa miaka mingi amehesabiwa kuwa mfungaji bora wa muda wote wa Stars. Msuva na Samatta, kwa hesabu nyingi, nao wamevuka 20. John Bocco anafuata nyuma yao. Kila Msuva anapocheka na nyavu mjadala unafufuka: amemfikia? Amempita? Bado moja? Watu wanagombana usiku kucha juu ya tofauti ya bao moja au mawili, wakati hawajakubaliana hata ni mechi zipi zinahesabiwa.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na naomba mnivumilie nikae hapo kidogo.

Desemba 1, 2012, kwenye Kombe la Challenge, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, kule Kampala, tuliifunga Somalia 7-0. Ngasa alipachika matano, Bocco mawili. Kama hayo matano yamo ndani ya zile 25, basi sehemu moja ya tano ya mabao yote ya Ngasa ilifungwa katika mchezo mmoja. Silisemi hili kwa kumpunguzia heshima. Somalia nao walikuwa na kipa na mabeki, na mabao matano hayaokotwi barabarani. Nauliza jambo jingine: siku ile alikuwa amevaa jezi ya timu gani?

Jibu mnalo. Alivaa ya Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara. Kwenye Challenge hatuendi kama Tanzania moja. Bara wana timu yao, na Zanzibar Heroes nao wanashiriki kwa jina lao na bendera yao, kama walivyoshiriki mwaka huo huo wa 2012. Taifa Stars ni ya wote. Kilimanjaro Stars, kwa taratibu za mashindano yale, ni ya nusu yetu tu. Sasa bao la Kilimanjaro Stars ni bao la Taifa Stars? Tukisema ndiyo, bao la Mzanzibari akiwa na Heroes tunaliweka wapi? Feisal Salum amevaa jezi ya Heroes na amevaa jezi ya Stars. Akifunga akiwa Heroes halihesabiwi kwenye rekodi ya Taifa, lakini mwenzake wa Bara akifunga kwenye mashindano hayo hayo linahesabiwa. Je, hiyo ni haki?

Na likija lile la 2017 ndiyo kichwa kinauma kabisa. Kwenye Challenge ya Kenya, Zanzibar waliifunga Bara 2-1, wakaenda hadi fainali na kutolewa na wenyeji kwa penalti. Mchezo ule wa Bara na Zanzibar ni Watanzania kwa Watanzania, wachezaji ambao wiki chache baadaye wangeweza kuitwa kambi moja ya Stars. Bao la upande mmoja likiingia kwenye hesabu ya timu ya taifa, mpinzani aandikwe nani? Watu wa nje wanaotutunzia takwimu hawajali sana swali hili. Wanaandika "Tanzania" na kusonga mbele. Sisi hatuwezi kusonga mbele hivyo, hasa baada ya yaliyotokea mwaka huo huo wa 2017, pale Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipowapa Zanzibar uanachama kamili mwezi Machi na kuwavua Julai.

Maoni yangu, kama yanafaa kitu: wekeni safu mbili. Safu ya Taifa Stars ibebe mechi ambazo Tanzania ilicheza kama Tanzania. Safu ya pili ionyeshe mabao ya Kilimanjaro Stars, na pembeni yake ya Zanzibar Heroes, kwa heshima ile ile. Jumla ziwe wazi. Anayetaka kujumlisha zote ajumlishe mwenyewe, lakini ajue anajumlisha nini na nini. Najua pendekezo hili linaweza kumshusha Ngasa kutoka kileleni, na kuna watakaokasirika. Mimi naona linamlinda. Leo mtu anamkejeli kwamba mabao yake ni ya Challenge. Daftari litaonyesha ni mangapi hasa ya Challenge na mangapi siyo, likiwemo lile la Februari 2009 mjini Abidjan, alipowafunga Ivory Coast nyumbani kwao kwenye CHAN ya kwanza kabisa, michuano ya mataifa ya Afrika, tukashinda 1-0.

Lakini CHAN nayo ina fumbo lake. Ni mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani tu. FIFA ilianza kuyaingiza matokeo yake kwenye viwango vya ubora kuanzia michuano ya 2014. Kwa hiyo bao la Ngasa la 2009 na yale mawili ambayo Clement Mzize aliwatandika Madagascar Agosti 2025 tukiwa wenyeji, yanatoka mashindano yenye jina moja lakini yenye hadhi tofauti kwa tarehe. Tunayachukua yote? Tunaacha ya zamani? Mimi ningeyachukua yote na kuyawekea alama. Nyinyi mnaweza kuamua vinginevyo, mradi mseme.

Fainali ya Challenge ya Desemba 2010 nayo imo kwenye kundi la maswali. Tulitwaa kombe Dar es Salaam kwa penalti ya Erasto Nyoni, 1-0, na tuliowafunga ni Ivory Coast, waalikwa walioleta wachezaji wao wa nyumbani. Kuna mechi za kirafiki pia ambazo makocha walikubaliana kubadilisha wachezaji wanavyotaka. Mwaka 2004 sheria iliweka kikomo cha wachezaji sita wa akiba kwenye mechi ya kirafiki ya timu za taifa za wakubwa, na ukizidisha mechi ilipoteza hadhi yake. Ngapi kati ya mechi zetu za kirafiki zilipita kikomo hicho? Ripoti za waamuzi zinajua.

Nirudi kwa Samatta, kwa sababu yeye ndiye anayeumizwa zaidi na ukosefu wa daftari.

Kuna usemi umeota mizizi: "Samatta hafungi akija Stars." Unasemwa na watu waliomshuhudia akitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, akichaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akibeba ubingwa wa Ubelgiji na Genk msimu wa 2018/19, akifunga Anfield dhidi ya Liverpool, kisha akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City Machi 2020 akiwa Aston Villa. Wakimlinganisha yule na huyu wa jezi ya Stars, wanaona pengo, na pengo lile wanalitafsiri kuwa ni kukosa moyo.

Mtu asiye na takwimu anahukumu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya shabiki inashika nafasi zilizopotea kuliko zilizotumika. Nani leo anakumbuka kwamba Novemba 2015, Algeria ya kina Mahrez ilipokuja Dar es Salaam, wafungaji wetu katika sare ya 2-2 walikuwa Elias Maguli na Samatta? Tunachokumbuka ni saba tulizopigwa kwao Blida siku tatu baadaye. Machi 2017 Botswana walifungwa 2-0 na yote mawili yalikuwa yake. Mwaka uliofuata, mwezi kama huo, alifungua karamu dhidi ya DR Congo. Oktoba 2018 tulipowahitaji Cape Verde wafungwe ili ndoto ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) isife, Msuva alifunga la kwanza na Samatta la pili. Halafu Cairo, Juni 27, 2019, dhidi ya Kenya: Msuva dakika ya 6, Samatta dakika ya 40, mara mbili tukaongoza, na bado tukalala 3-2. Ukiangalia matokeo pekee utasema tulishindwa. Ukiangalia orodha ya wafungaji utaona washambuliaji walifanya kazi yao, kilichovuja kilikuwa nyuma.

Sisemi Samatta hana deni. Zipo mechi alizozurura katikati ya mabeki wanne bila mpira hadi mwamuzi akapuliza kipenga cha mwisho, na zipo nafasi ambazo mfungaji wa hadhi yake hakupaswa kuzikosa. Lakini Genk alikuwa anapata krosi kutoka pande zote mbili. Huku kwetu mara nyingi alishuka hadi mstari wa katikati kuufuata mpira mwenyewe, kisha tukamlaumu kwa kutokuwepo kwenye boksi. Daftari lenye dakika, uwanja na aina ya mashindano lingetuwezesha kuuliza maswali ya maana: anafunga zaidi nyumbani au ugenini? Kwenye mechi za kufuzu au za kirafiki? Alifunga zaidi chini ya kocha gani? Akicheza na Msuva pembeni hali ikoje, na bila Msuva? Kocha yeyote mpya anayekuja angeyahitaji majibu hayo kabla ya kutaja kikosi chake cha kwanza.

Msuva naye anadhulumiwa kwa njia yake. Hatajwi Ulaya, kwa hiyo hatajwi sana. Lakini angalieni mabao yake yanapoangukia. Machi 2019 dhidi ya Uganda, siku tuliyofuzu AFCON baada ya miaka 39, yeye ndiye aliyefungua lango, kabla ya penalti ya Nyoni na kichwa cha Aggrey Morris. Machi 2023, Uganda tena, safari hii kwenye uwanja wa ugenini kule Ismailia, Misri, bao pekee lilikuwa lake. Januari 2024 dhidi ya Zambia, AFCON ya Ivory Coast, lake. Novemba 2024 dhidi ya Guinea, mechi ya mwisho ya kufuzu, 1-0, lake. Kuna wafungaji wa mabao mengi na kuna wafungaji wa mabao mazito, na orodha ya jumla peke yake haiwezi kuwatofautisha.

Mechi hiyo ya Guinea inanikumbusha jambo, niliseme halafu niliache. Guinea walilalamika CAF kuhusu namba ya jezi aliyovaa Mohamed Ame, na kwa siku kadhaa taifa zima lilikuwa roho juu mpaka malalamiko yalipotupwa. Tiketi yetu ya AFCON ilining'inia kwenye karatasi. Anayedhani kumbukumbu ni kazi ya watu wasio na shughuli aikumbuke ile wiki.

Sasa wazee wetu. Agosti 1979 kule Ndola, Peter Tino alifunga katika dakika za lala salama, tukatoka 1-1 na Zambia. Kwa kuwa tulishinda 1-0 Dar es Salaam kwa bao la Mohamed Rishard "Adolf", tukaenda Lagos. Machi 8, 1980, Juma Mkambi akawafunga Nigeria, bao la kwanza la Tanzania kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Thuweni Ally akawafunga Misri, kisha Ivory Coast. Baada ya bao hilo la Thuweni, mashindano hayo hayakuona bao lingine la Mtanzania hadi Msuva alipowafunga Kenya mwaka 2019.

Hayo yanafahamika kwa sababu yalikuwa makubwa. Lakini Tino alifunga mangapi kwa jumla? Zamoyoni Mogella je? Sunday Manara? Hapo orodha za mtandaoni zinaanza kutoa jasho, na nyingine zinaruka kabisa. Mshambuliaji wa miaka ya 1970 ana bahati mbaya mbili: hakuna video yake, na jina lake liliandikwa kila gazeti lilivyopenda. Thuweni ni Thuwein kwingine, Ngasa ni Ngassa, na wengine walijulikana kwa majina ya utani tu. Mtu mmoja anaweza kugawanywa akawa wawili kwenye orodha, au ndugu wawili wakaunganishwa wakawa mmoja.

Vyanzo vipo. Magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Daily News yamehifadhiwa, na mahali pa kuanzia kuyatafuta ni Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa. TBC ni mrithi wa Radio Tanzania, iliyotangaza mechi hizo. Vyama vya Zambia, Kenya na Uganda vina kumbukumbu zao za mechi walizocheza nasi, za Kenya na Uganda zikianzia enzi za Kombe la Gossage lililotangulia Challenge, na bao tulilowafunga wao wamelipata machungu ya kutosha kulikumbuka. Tanzania iliingia FIFA mwaka 1964, kwa hiyo kuna barua, ripoti za waamuzi na za makamisaa wa mechi. Mengine yamo vichwani mwa wachezaji walio hai, ambao wengi wao ni wazee sasa. Hao ndio wa kuanza nao, kabla ya makabati.

Zambia walipita njia hii wakachelewa. Desemba 2012, dunia ilipokuwa inamshangilia Lionel Messi kwa mabao yake ya mwaka mmoja, chama chao kilijitokeza na kusema Godfrey Chitalu alifunga 107 mwaka 1972. FIFA ikajibu kwamba haitunzi kumbukumbu za mashindano ya ndani ya nchi, hivyo haiwezi kuthibitisha. Pengine Zambia walikuwa sahihi kabisa. Lakini walileta hesabu miaka 40 baadaye, na Chitalu mwenyewe alikuwa amefariki katika ajali ya ndege ya Gabon mwaka 1993 akiwa kocha wa timu ya taifa. Kenya nao wamebishana kwa miaka kama kinara wao ni Dennis Oliech au William "Chege" Ouma wa zamani. Ukanda mzima una ugonjwa huu, na wa kwanza kupona atakuwa wa kuigwa.

Gharama? Kijana mmoja au wawili wenye subira, barua ya utambulisho ya kuwafungulia makabati, nauli, na mzee mmoja anayeijua historia wa kuwasahihisha. Fungu hilo haliwezi kushindana na bajeti ya kambi moja ya Stars. Waandishi wa michezo na wakereketwa wa takwimu wapo wanaofanya kazi hii usiku kwa mapenzi yao. Wakiitwa watakuja.

Msiisahau Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake. Walicheza fainali za Afrika za wanawake mwaka 2010, wakarudi tena kwenye fainali zilizochezwa Morocco mwaka 2025, na mabao ya kina Opah Clement yanastahili daftari lao lianze sasa, wakati video zote zipo na wafungaji wote wanapatikana kwa simu.

Toleo la kwanza lisisubiri ukamilifu. Litoke na mapengo yake, yakiandikwa wazi kuwa ni mapengo: mechi hii mfungaji hajathibitishwa, mechi hii tuna majina mawili yanayopingana. Wananchi watajaza. Kuna mtu mahali ana gazeti la siku ile limefungiwa chini ya sanduku.

Ila kitu kimoja msikigeuze mpangilio: tangazeni vigezo kwanza, namba baadaye. Semeni hadharani mechi zipi zinahesabiwa na zipi hazihesabiwi kabla mtu yeyote hajajua nani anapanda na nani anashuka. Mkianza na namba, kesho yake asubuhi mtaambiwa mmempendelea mtu wa Yanga, na jioni yake mtaambiwa mmempendelea mtu wa Simba.

Wenu katika mchezo,

Shabiki wa Taifa Stars